UZI: Saa ya springi inachelewa na waranti haijaisha. Upime nini kabla hujaipeleka Nairobi?

Lolwe_28800 (Kisumu)

Wadau, swali hili linarudi kila mara humu, basi tuliweke mahali pamoja. Mtu ana saa ya mkono ya springi, si ya betri, imemgharimu pesa ya kununulia shamba, na sasa inachelewa. Waranti bado ipo. Aipeleke wapi, na akifika aseme nini?

Mimi naanzia nyuma kidogo. Ukifika kaunta ukasema tu "inachelewa", wataandika "inachelewa", fundi atagusa marekebisho ya mwendo, saa itarudi ikienda vizuri, kisha baada ya miezi michache inaanza tena. Kuchelewa ni dalili tu. Kinachotakiwa kujulikana ni kama mashine ina nguvu yake yote ila imesetiwa vibaya, au nguvu yenyewe haifiki kwenye gurudumu la balansi, lile linaloenda na kurudi kuhesabu majira. Ile ya kwanza ni kazi ya dakika chache. Ya pili ni kufungua mashine nzima, kuiosha na kuitia oili upya, na hiyo ndiyo sevisi ghali ambayo waranti inakulipia. Waranti ikiisha kabla haijafanywa, bili ni yako.

Vipimo vya nyumbani, bila kufungua chochote:

Ijaze kwa mkono hata kama ni otomatiki. Fungua kifundo cha pembeni (kwenye saa za kuzamia kinafunguka kama skrubu), zungusha kwenda mbele mara 30 hadi 40. Springi ya otomatiki ikijaa huteleza ndani ya pipa lake, kwa hiyo huwezi kuikata. Ile ya kujazwa kwa mkono pekee itagoma yenyewe. Ikigoma, acha, usilazimishe.

Vuta kifundo mpaka mshale wa sekunde usimame, ngoja simu ifike sifuri, kisha kisukume ndani. Simu iwe inachukua majira kutoka mtandao. Ukitaka uhakika zaidi fungua time.is, itakuonyesha simu yenyewe imepotoka kiasi gani.

Baada ya hapo soma tofauti mara moja kwa siku, wakati ule ule, kwa siku saba hadi kumi bila kuiseti upya. Piga picha saa ikiwa kando ya skrini inayoonyesha sekunde. Usiandike "-12" (imechelewa sekunde 12) peke yake. Andika pia ilivaliwa masaa mangapi na usiku ililazwa vipi: uso juu, uso chini, kifundo juu, kifundo chini au kifundo kushoto. Mikao hiyo mitano ndiyo COSC, taasisi ya Uswisi ya vyeti vya usahihi wa saa, wanayotumia kupima chronometer (saa yenye cheti hicho), kwa siku 15.

Mwisho pima akiba, yaani masaa ambayo saa inatembea bila kujazwa tena. Jaza pomoni, laza mezani uso juu, usiiguse mpaka isimame, andika ilichukua masaa mangapi. Linganisha na kitabu chake. Mashine ya ETA 2824-2 inatakiwa kufika karibu masaa 38, Omega 8800 masaa 55, Rolex 3235 na Tudor MT5602 masaa 70, Powermatic 80 ni masaa 80 kama jina lake. Saa ya masaa 70 ikisimama kwenye 52, huo ni ushahidi mzito kuliko maneno yoyote utakayosema kaunta.

---

LanetBoy (Nakuru)

Asante mkubwa. Sasa kuchelewa kiasi gani ndiko kunaitwa kuchelewa? Yangu ni -9 kwa siku. Duka niliponunua wanasema hiyo ni kawaida ya saa za springi.

---

Lolwe_28800

Inategemea mtengenezaji aliahidi nini, si duka linasema nini. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo hata -9 ni kosa la karibu moja kwa elfu kumi. Lakini ahadi ni ahadi:

Chronometer ya COSC: wastani wa -4 hadi +6 kwa siku.
Omega zenye cheti cha METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi (huitwa Master Chronometer): 0 hadi +5. Hizi hazitakiwi kuchelewa kabisa kwa wastani.
Rolex: -2 hadi +2, baada ya mashine kuwekwa ndani ya gamba.
Tudor zenye mashine yao wenyewe: -2 hadi +4.
Seiko yenye mashine ya 6R: -15 hadi +25. Seiko yenye mashine ya 4R36: -35 hadi +45.

Kwa hiyo -9 kwenye Seiko ya 4R ni saa nzuri tu, vaa uende kazini. -9 kwenye chronometer ni nje ya kiwango na una haki ya kuirudisha. Kwenye mashine za kawaida za ETA na Sellita zisizo na cheti, -9 iko ndani ya kile wanachokubali, na hapo utalazimika kutegemea kipimo cha akiba au cha mbembeo kama unashuku kitu.

Angalia uso wa saa au kitabu chake kabla hujabishana na mtu.

---

TikTak_Milimani (Kisumu)

Ngoja nielezee hilo la mbembeo kwa sababu ndipo pesa ilipo.

Gurudumu la balansi huenda na kurudi. Kwenye mashine ya mapigo 28,800 kwa saa hiyo ni mapigo 8 kila sekunde. Umbali linaozunguka kutoka katikati hadi mwisho wa upande mmoja hupimwa kwa digrii, ndio mbembeo. Mashine nyingi za Uswisi zikiwa zimejazwa na saa imelala uso juu, mbembeo mzuri ni kati ya digrii 270 na 310. Ukiisimamisha wima unashuka kwa digrii 20 hadi 40, maana ncha za ekseli sasa zinasuguana ubavuni, si kwenye nukta moja chini. Hilo ni jambo la kawaida. Baada ya masaa 24 bila kujazwa unashuka tena. Ukifika chini ya 200 saa ikiwa wima baada ya masaa hayo 24, mashine ina kasoro hata kama mshale unaonyesha majira sawa.

Kwa nini mbembeo mdogo unachelewesha? Kila pigo, uma wenye vijiwe unagusa balansi: kwanza unaichukulia nguvu kidogo ili gurudumu la kutorokea (linaloachia nguvu ya springi kidogo kidogo) lifunguke, kisha unaisukuma. Huo mguso unaivuruga balansi, na jumla yake ni kuchelewesha. Balansi ikiwa inabembea kwa nguvu, mguso ni sehemu ndogo ya safari yake. Ikibembea kwa unyonge, mguso huo huo unakuwa sehemu kubwa. Ni kama bembea ya mtoto: ikienda juu, ukiigusa kwa kidole haijali; ikiwa karibu kusimama, kidole hicho kinaipotezea mwendo.

Sasa saa mpya ya miaka miwili inapotezaje nguvu? Sababu ninazoziona mezani, kwa mpangilio wa mara kwa mara:

Oili ya vijiwe vya uma. Hapo panatakiwa tone dogo sana la Moebius 9415 au inayofanana nayo. Ikiwekwa nyingi inatambaa na kukimbia kijiwe. Ikiwekwa bila kwanza kupaka ile dawa ya kuzuia oili isisambae, inakimbia vile vile. Kijiwe kikikauka, mbembeo unaanguka taratibu, mwezi baada ya mwezi. Mwenye saa anaona: mwaka wa kwanza +2, wa pili -3, wa tatu -10.

Grisi ya ukuta wa pipa la springi. Otomatiki inahitaji grisi ya kushika, kama 8217, ili springi iteleze tu inapojaa. Grisi ikiwa siyo, springi inateleza mapema, saa haijai hata ukiizungusha mara mia. Dalili yake ni akiba fupi.

Uchafu au unyuzi kwenye meno ya magurudumu. Hapa mwendo hauchelewi sawasawa, unaruka: leo -3, kesho -16, keshokutwa -4.

Na kishindo. Boda boda kwenye barabara ya murram si tatizo kwa mashine yenye vizuizi vya mshtuko. Kuangusha saa kwenye sakafu ya tailsi ni tatizo, na kampuni hazilipi hiyo.

---

NyarDunga (Kisumu)

Swali kwa TikTak. Mimi nina kile kimashine cha kupimia mwendo wa saa kwa kusikiliza mapigo, Weishi 1000. Kinanionyesha mbembeo 238 uso juu, -7, mapigo hayalingani kwa milisekunde 0.3. Hiyo inatosha kupeleka?

---

TikTak_Milimani

Inatosha, dada, lakini hakikisha vitu vitatu kwanza.

Pembe ya kuinua, yaani digrii ambazo balansi inazunguka ikiwa inaguswa na uma. Weishi inaanza na 52. Kama mashine yako ni ETA 2824-2 au Sellita SW200-1 weka 50, na baadhi ya Co-Axial za Omega (mashine zenye mfumo tofauti wa kutorokea) ni 38. Ukiikosea, mwendo utasomeka sawa lakini mbembeo utakuwa wa uongo. Kwenye Co-Axial ukiacha 52 utapata mbembeo mkubwa wa kufurahisha ambao haupo.

Usipime kati ya saa tatu usiku na saa nane usiku kama saa ina tarehe. Wakati huo magurudumu ya tarehe yanavuta nguvu kutoka kwenye mashine na mbembeo unashuka. Kama ni ya stopwochi, isimamishe kabla ya kupima. Na ukishajaza, ipe kama nusu saa itulie.

Pima mikao yote mitano, sekunde 60 au zaidi kila mkao, halafu rudia baada ya masaa 24 bila kujaza. Hiyo 0.3 ni nzuri. Chini ya 0.6 hakuna mtu atakayeilalamikia. Kinachoongea hapo ni 238 ikiwa imejaa. Hiyo -7 ni mtoto wa 238.

Zile programu za simu za kusikiliza kwa maikrofoni zinasoma mwendo vizuri mahali penye utulivu. Mbembeo wake usiuandike popote.

---

Mulembe_56 (Kakamega)

Mulembe wadau. Mnazunguka mbuyu. Kuna mafundi wazuri hapa magharibi, mtu anafungua kifuniko cha nyuma, anasogeza kile kimkono cha plus na minus, mia tano tu, umemaliza. Nairobi ya nini?

---

TikTak_Milimani

Mzee, ufundi siutilii shaka. Lakini tazama kinachotokea.

Saa nyingi za bei hiyo hazina kimkono cha plus na minus. Rolex hurekebisha kwa vijinati vinne vya Microstella juu ya balansi yenyewe, na vinahitaji ufunguo wake maalumu. Omega na Tudor za sasa pia zinarekebishwa kwa uzito ulio kwenye balansi. Bisibisi ikiteleza hapo, springi ya unywele (ile nyembamba inayoirudisha balansi) imekwisha.

Pili, kifuniko kikifunguliwa, gasketi inatakiwa ibadilishwe au ipakwe grisi ya silikoni, kisha saa ipimwe kwa shinikizo. Bila hivyo unyevu wa ziwa unaingia taratibu.

Tatu, alama za kifaa kisicho chao kwenye meno ya kifuniko zinaonekana mara moja kwenye lenzi. Masharti yote ya waranti niliyosoma yanasema kitu kimoja: ikifunguliwa na asiyeidhinishwa, waranti imekufa. Umeokoa nauli, umepoteza sevisi ya makumi ya maelfu.

Na nne, ambalo Lolwe amelisema: ukisogeza mwendo kwenye mashine yenye mbembeo wa 238 unaficha ugonjwa. Itaonyesha 0 leo ikiwa imejaa. Kesho asubuhi ikiwa nusu, inachelewa.

Kubadilisha mkanda au kupunguza pingili za cheni hakuui waranti, hiyo peleka kwa fundi wako wa mtaani bila wasiwasi.

---

Mulembe_56

Hilo la alama kwenye kifuniko limenifikia. Na sumaku? Watu wanasema sumaku ndiyo huharibu saa zote siku hizi.

---

KaptembwaTime (Nakuru)

Sumaku mara nyingi huharakisha, haicheleweshi. Mizunguko ya springi ya unywele inashikana, springi inakuwa kana kwamba ni fupi, saa inakimbia dakika kadhaa kwa siku. Kuna visa vya kuchelewa, vichache. Jaribu: fungua programu ya dira kwenye simu, pitisha saa polepole karibu na juu ya simu. Sindano ikiyumba vibaya kuliko inavyoyumba na saa nyingine ya chuma, kuna sumaku.

Vyanzo ni vile vya kila siku: spika, kifuniko cha tableti, kifungo cha mkoba, chaja za simu zinazonata. Kiwango cha ISO 764 kinadai saa iitwayo ya kuzuia sumaku ivumilie ampea 4,800 kwa mita na isipotoke zaidi ya sekunde 30 kwa siku. Sumaku ya kifungo cha mkoba ukiigusisha inapita hapo kirahisi. Zenye springi ya unywele ya silicon, na ile ya Rolex iitwayo Parachrom, hazina shida hiyo kwenye springi, na Master Chronometer zinapimwa kwa gausi 15,000.

Kuondoa sumaku hakuhitaji kufungua saa. Kile kisanduku cha bluu cha Kichina kinafanya kazi: weka saa juu yake, bonyeza, inua polepole hadi nusu mita ukiwa bado umebonyeza, ndipo uachie. Ukiachia ikiwa juu ya kisanduku unaweza kuiacha na sumaku zaidi ya iliyokuwa nayo. Fanya hivi kabla ya kupeleka, maana kampuni haihesabu sumaku kama kasoro, na kituo kikiikuta kitasema ndiyo iliyokuwa tatizo lote na kukurudishia.

---

LanetBoy

Na joto je? Nakuru na Kisumu si sawa. Mtu mmoja wa kaunta alisema saa inachelewa kwa sababu ya mwinuko wa Nakuru.

---

Lolwe_28800

Hiyo usiikubali. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu karibu 1,130. Hewa ikiwa nyepesi, balansi inabeba hewa pungufu kuliko kule chini, kwa hiyo mwelekeo wake ni kuharakisha, tena kidogo mno. Na joto: COSC wanapima kwenye nyuzi 8, 23 na 38. Mchana wa Kisumu uko ndani kabisa ya hapo.

Sababu ya kweli ya watu wa ofisini ni uvivu wa mkono. Ukikaa kwenye kompyuta mchana kutwa, otomatiki haijai. Inaishi kwenye theluthi ya mwisho ya nguvu yake, ambapo hata mashine nzima inachelewa kidogo. Ndiyo maana kipimo kinaanza na kujaza kwa mkono. Rudia siku tatu ukiijaza kila asubuhi. Ikirudi ndani ya kiwango, saa yako ni nzima na huna haja ya safari.

---

NyarDunga

Tuseme imethibitika. Utaratibu wenyewe ni upi? Hapa Kisumu hakuna kituo cha chapa yangu, na Nairobi kwenye orodha yao naona duka tu, si karakana.

---

KaptembwaTime

Orodha iliyo kwenye tovuti ya chapa ndiyo ya kufuata. Tofautisha anayeuza kwa idhini na kituo cha sevisi kilichoidhinishwa. Muuzaji anaweza kupokea saa na kuituma, wakati mwingine hadi nje ya nchi. Muulize kwa barua pepe kabla hujasafiri: saa itafanyiwa kazi wapi, nani anaibebea bima ikiwa njiani, itachukua wiki ngapi, na kama wakisema haimo kwenye waranti, uchunguzi unalipiwa? Majibu yakiwa kwenye barua pepe yana nguvu. Ya simu yanapeperuka.

Kadi ya waranti iwe na tarehe ya mauzo na muhuri wa muuzaji aliyeidhinishwa, na nambari ya seriali ilingane na iliyo kwenye gamba. Piga picha pande zote mbili kabla ya kuitoa mkononi. Rolex, Omega, Tudor na Longines zinatoa miaka 5 siku hizi. Cartier, IWC na Panerai miaka 2 inayoongezwa hadi 8 ukiisajili. Oris zenye Calibre 400 ni miaka 10 ukisajili. Watu wengi wana miaka sita mezani na hawajui kwa sababu hawakuingia kwenye tovuti. Sajili leo, kabla ya kuripoti kasoro.

Usitume kwa kifurushi cha matatu. Ibebe mwenyewe mkononi, au tumia kampuni ya vifurushi inayokubali saa kwa maandishi. Wengi wana kikomo cha chini sana cha fidia kwa saa na vito hata ukitangaza thamani kubwa na kuilipia. Ndani weka saa kwenye kipochi laini, usitume lile sanduku lake la kifahari. Ni kubwa, linaita wezi na hurudi limebonyea. Nje usiandike jina la chapa.

---

AskariWaForodha (Busia)

Nyongeza moja. Kama wewe mwenyewe au ndugu yako ndiye anaitoa nje ya nchi kwa ukarabati, iandikishe kwa forodha kabla haijatoka, ikiwa na nambari ya seriali na barua ya kituo. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inatambua bidhaa iliyotoka kwa muda ili itengenezwe. Bila karatasi, ikirudi itaonekana kama saa mpya inayoingizwa, na utakuwa unajadili ushuru na VAT ya asilimia 16 juu ya thamani yote, wakati kilichoongezeka ni oili na gasketi. Ikirudi, ankara ya kituo iseme wazi "ukarabati chini ya waranti" pamoja na nambari hiyo hiyo ya seriali.

---

Lolwe_28800

Ukifika kaunta, maneno ya fomu ndiyo yanayoamua fundi atafanya nini. Usiache karani aandike anavyotaka. Hii nakili ubadilishe tarakimu:

"Inachelewa sekunde 8 hadi 12 kwa siku, wastani wa siku 10, picha zimeambatishwa. Inazidi ikiwa wima na baada ya masaa 24. Akiba ni masaa 52 badala ya 70. Mbembeo 238 uso juu ikiwa imejaa, 191 kifundo chini baada ya masaa 24. Haijafunguliwa, haijaangushwa, imeondolewa sumaku. Naomba chanzo cha mbembeo mdogo kitafutwe, si kurekebisha mwendo peke yake. Naomba vipimo vya mikao mitano kabla na baada. Gamba lisisuguliwe."

Hiyo sentensi ya mwisho msiidharau. Vituo vingine husugua gamba kama sehemu ya kawaida ya sevisi, na kingo kali zikishalainishwa hazirudi. Mwenye mikwaruzo yake aseme anataka kubaki nayo.

Risiti ya kupokelea iwe na seriali, hali ya kioo na gamba, idadi ya pingili za cheni. Mkanda wa ngozi uvue, baki nao.

---

Shemeji_Qatar (Bungoma)

Mimi yangu ililetwa zawadi kutoka Doha. Waranti inafanya kazi hapa?

---

KaptembwaTime

Kama ilinunuliwa kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kadi ina tarehe, waranti za chapa kubwa ni za kimataifa, Doha au London hakuna tofauti. Kama ni zile duka za punguzo zisizo na idhini, kadi huwa haina muhuri au inakuja "waranti ya duka". Hiyo inamfunga duka peke yake, na utaituma huko huko. Mwombe aliyekuletea risiti. Na kama kuna mtu aliongeza vijiwe vinavyong'aa kwenye duara la nje, sahau kampuni.

---

LanetBoy

Duka langu (silitaji) limesema kwa mdomo halihusiki, niandikie Uswisi. Kuna njia?

---

WakiliWaMtaa (Nakuru)

Ipo. Kama duka liko Kenya, mkataba wako wa mauzo ni na duka. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, zinamtaka muuzaji auze kitu chenye ubora unaofaa. Waranti ya kampuni ni nyongeza, haimwondolei muuzaji wajibu huo.

Anza na barua: saa gani, tarehe ya kununua, vipimo, unataka nini (ipokewe na kupelekwa kituo kilichoidhinishwa), siku 14 za kujibu. Ambatisha ile jedwali la siku kumi. Wasipojibu, Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Ipo Nakuru na Kisumu. Mara nyingi barua inayoitaja inatosha. Saa ikizidi milioni, dai gharama ya ukarabati, usidai bei ya saa.

---

NyarDunga

Ikirudi nikague nini?

---

TikTak_Milimani

Pale pale kaunta: kifundo kinafunga laini, tarehe inaruka, mishale inaoana saa sita kamili, hakuna unyuzi chini ya kioo. Omba karatasi ya vipimo. Ukiona tu "mwendo +1" bila mbembeo, uliza mbembeo ni ngapi kabla hujaondoka. Nyumbani rudia siku saba zile zile na kipimo cha akiba. Siku mbili tatu za kwanza usizihukumu.

Ikiwa mwendo umekuwa +3 na akiba bado masaa 52, wamegeuza skrubu tu. Irudishe wiki hiyo hiyo kwa nambari ile ile ya kazi. Rolex hutoa waranti ya miaka 2 juu ya sevisi wanayoifanya, wengine wana muda wao. Uliza imeandikwa wapi, na kama muda uliobaki wa waranti ya kwanza unaendelea sambamba.

---

NyarDunga

Na kuogelea nayo ziwani Dunga?

---

TikTak_Milimani

Kama karatasi inaonyesha imepimwa shinikizo baada ya kufungwa, na ni ya mita 100 kwenda juu, ogelea. Kifundo kifungwe kabisa kabla ya kuingia, usikiguse ukiwa majini. Karatasi isipotaja shinikizo, waulize kwanza.